Mzazi Akija Kukutembelea Kwenye Utume

Bwana asifiwe wapendwa. Nawashukuru sana waandaaji kwa kunipa nafasi hii na nawashukuru nyie mliobaki mpaka saa hizi, najua wengine mmetoka safari ndefu na watoto wamechoka. Niliambiwa nizungumze na familia zinazojiandaa kutumwa nje ya nchi pamoja na zile zilizo likizo zinazojiandaa kurudi, mada nichague mwenyewe, na kuchagua hakukunisumbua kabisa. Nataka tuzungumze kuhusu mama na baba zetu wakija kututembelea huko tunakotumika.

Kwenye semina za maandalizi tunafundishwa mengi, lugha, mila za watu, usalama, namna ya kuandika ripoti, namna ya kutunza fedha za watu wanaotuchangia, yote mazuri. Ila siku mama anakupigia simu anasema mwanangu pasipoti imetoka, nataka nije niwaone, hapo unakuta hakuna somo ulilofundishwa. Unafurahi mpaka machozi yanatoka, alafu usiku huohuo unaanza kuhesabu kichwani, chumba tutampa kipi, atakaa na nani nikiwa kazini, je akiumwa, je akiona tunavyoishi atasemaje. Nimeongea na wamisionari wengi juu ya hili na karibu wote wananiambia kitu kimoja, kwamba ujio wa mzazi uliwagusa kuliko mgeni mwingine yeyote waliyewahi kumpokea, na bado waliupokea bila kujiandaa.

Jambo langu ni hili. Nyie mliitwa, mkaitikia. Mama yako hakuitwa, yeye alitoa tu. Alitoa mtoto, na baadaye akatoa wajukuu, wengine amewaona kwenye simu tu. Kwa hiyo akija haji kama mgeni wa kutembezwa na kupigwa picha, wala haji kama mzigo unaokatisha huduma. Anakuja kuona alichokitoa kimefika wapi. Tukimpokea kwa kumficha mambo, kumwonyesha upande mzuri tu na kumrudisha na zawadi, tutakuwa tumempokea mgeni, mzazi bado hatujampokea. Mpeni nafasi aone maisha yenu yalivyo, na aseme anachokiona.

Kwanza tukumbuke wamisionari waliotutangulia hawakuipata nafasi hii. William Carey aliondoka Uingereza mwaka 1793 kwenda India na akafia huko mwaka 1834, hakurudi kwao hata mara moja. Adoniram Judson aliondoka Marekani mwaka 1812, akaja kukanyaga tena nyumbani mwaka 1845 na wazazi wake wote wawili walishakufa. Johannes Rebmann alifika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki mwaka 1846 na hakurudi kwao Ujerumani mpaka mwaka 1875, akiwa hana macho tena. David Livingstone, yeye aliondoka mwaka 1840, na mwaka 1856 akiwa njiani kurudi ndo akapata habari kwamba baba yake amefariki mwaka huohuo. Baba alikuwa anamsubiri kwa miaka 16, akazikwa miezi kama 10 tu kabla kijana hajafika. Mimi nikiisoma hiyo habari huwa nashindwa kuendelea haraka. Wazazi wale barua iliwafikia baada ya miezi kadhaa, na mzazi mzee kupanda meli kumfuata mwanae lilikuwa jambo la hatari kweli. Leo ndege inamleta mama ndani ya siku moja au mbili. Hiyo ni neema ambayo wao hawakuwa nayo, tusiichukulie kawaida.

Sasa nataka tufungue Kutoka 18. Sura hii wengi tunaijua kwa habari ya uongozi, wale maakida wa elfu na wa mia na wa hamsini na wa kumi, inahubiriwa sana kwenye semina za viongozi. Ila isomeni tena kama habari ya mzazi aliyemtembelea mtumishi akiwa kazini. Musa yuko jangwani, ana kazi kubwa kuliko mtu yeyote duniani wakati ule, watu hawahesabiki, na Yethro baba mkwe wake anafunga safari kumfuata, tena anamletea mke wake na watoto wake wawili, Gershomu na Eliezeri. Anatuma neno kwanza kwamba nakuja.

Angalieni Musa anafanya nini. Anatoka nje kumlaki, hatumi kijana akampokee. Anasujudu, anambusu. Wanaulizana hali. Alafu wanaingia hemani, na hapa ndo pananigusa mimi, mstari wa 8 unasema Musa alimweleza mkwewe yote ambayo Bwana amewatendea, na pia taabu zote zilizowapata njiani. Taabu zote! Hakumpa ushuhuda mzuri tu. Alimwambia na shida.

Wapendwa, sisi tunafanya hivyo kweli? Tunaandika barua za maombi kila baada ya muda na zile barua tunazisafisha vizuri sana kabla hazijatoka, tunaweka picha watoto wanacheka, tunaandika changamoto zipo ila Mungu ni mwaminifu. Mama anaisoma ileile barua wanayoisoma washirika wote wa kanisa. Hajui kwamba mwaka jana mlifikiria kurudi. Hajui kwamba mkubwa alikaa shule muhula mzima bila rafiki hata mmoja. Tunasema hatutaki kumpa presha, na ni kweli wazazi wetu wengine wana presha kwelikweli, ila kuna namna ya kusema. Ukimkalisha jioni, watoto wamelala, ukamwambia mama huu mwaka ulikuwa mgumu, tulipitia hiki na hiki, yeye ameshalea, ameshazika, ameshavumilia, ana kifua cha kubeba hayo kuliko tunavyodhani. Na atakuombea vizuri zaidi akiwa anajua anaombea nini.

Baada ya hapo Yethro anatoa sadaka, na Haruni na wazee wote wa Israeli wanakuja kula pamoja na mkwewe Musa. Yaani watumishi wenzake Musa walikaa naye. Nimeona wazazi wanakuja wanakaa mwezi mzima na hawajaonana hata mara moja na timu anayofanya nayo kazi mtoto wao, wanarudi hawajui majina. Waiteni wenzenu nyumbani. Mama akishamjua kwa sura yule dada anayewaangalizia watoto mkiwa safarini, atalala usingizi tofauti akirudi kwake.

Kesho yake, biblia inasema, Musa akakaa kuwaamua watu toka asubuhi hata jioni. Hakusimamisha kazi kwa sababu mkwe yupo, alienda kazini na mkwe akawepo akaona. Na mzee akatoa maneno. Akamwambia jambo hili ufanyalo si jema, utachoka wewe na hawa watu pia. Huyu ni Musa ambaye ameongea na Mungu kwenye kijiti kinachowaka, na anaambiwa na mzee wa Midiani aliyefika jana tu kwamba hiyo kazi unaifanya vibaya, na Musa anasikiliza na anafanya yote aliyoambiwa.

Mkwe wa Livingstone aliongea pia. Mama Mary Moffat, mke wa Robert Moffat, naye alikuwa mmisionari wa miaka mingi kule Kuruman kusini mwa Afrika, na binti yake ndo aliolewa na Livingstone. Mwaka 1850 mtoto mchanga wa Livingstone alikufa wiki chache tu baada ya kuzaliwa, familia ikiwa imetoka kwenye safari ngumu. Mwaka 1851 akataka kusafiri nao tena na mke ana mimba kubwa, mama mkwe akaandika barua kali sana ya kupinga. Livingstone akaenda nao hivyohivyo, mtoto akazaliwa njiani, na mwaka 1852 akawapandisha meli mke na watoto kwenda Uingereza ambako waliishi maisha ya shida kwa miaka zaidi ya minne bila yeye. Sisemi mtu yule hakuwa mtumishi wa Mungu, sina mamlaka hayo. Nasema mama mkwe aliona kitu, na alikuwa na haki ya kukiona, maana alikuwa mama wa yule binti.

Mzazi anaona vitu ambavyo kiongozi wa timu haoni na mchungaji wa nyumbani haoni. Mama yangu alipokuja, hajamaliza hata wiki, akaniambia yule mtoto wenu wa katikati wageni wakiingia ananyamaza kabisa, mnalijua hilo? Sisi tulikuwa tunadhani ni mpole tu. Mama aliona kwa sababu alinilea mimi na anakumbuka nilikuwaje, na kwa sababu hana ajenda yoyote ndani ya nyumba ile zaidi ya kutupenda. Kwa hiyo mzazi akisema neno msikimbilie kumjibu kwamba mama hapa mazingira ni tofauti, huku hatufanyi hivyo. Inawezekana ni kweli mazingira ni tofauti. Mwacheni amalize kwanza, mlale nalo, kesho mwongee.

Haya, mambo ya safari yenyewe, nitapita haraka kidogo ila kuna vitu lazima nivitaje kwa sababu vinaumiza watu.

Pasipoti, nchi nyingi zinataka iwe imebakiza angalau miezi 6 kabla ya kuisha, wazee wengi hawaangalii hiyo tarehe, mwangalieni nyie. Viza, kibali chenu cha kuishi huko hakimfuniki mzazi, anahitaji viza yake ya matembezi, na mara nyingi wataomba barua ya mwaliko kutoka kwenu, anuani mnapoishi, uthibitisho kwamba gharama zipo na kwamba atarudi kwao. Anzeni mapema. Na jambo ambalo watu wanalisahau, viza ya matembezi sehemu nyingi hairuhusu mtu kufanya kazi, na kuna nchi ambazo hata kuhubiri kwenye ibada wanahesabu ni kazi, kwa hiyo baba yako kama ni mchungaji usimpangie mahubiri kabla hujauliza sheria inasemaje. Wale mnaotumika nchi ambazo neno mmisionari halitamkwi ovyo, mzazi aelezwe kabla hajapanda ndege. Aseme nini pale mpakani, na jibu liwe la kweli, amekuja kumwona mwanae na wajukuu, inatosha. Aelezwe asiweke picha za waumini kwenye wasap na fesibuku hata kama ni nzuri kiasi gani. Mzazi anajivunia, anataka kanisa lote lione, hajui hatari ya picha ile kwa mtu aliyebatizwa juzi. Kaeni naye, mwelezeni kwa heshima, atashika.

Dawa zake zikae kwenye begi la mkononi, zote, kwenye vifungashio vyake, na barua ya daktari yenye majina ya dawa. Begi kubwa likipotea dawa za presha zinapotea nalo, na insulini ikiwekwa kule chini kwenye mizigo inaweza kuganda ikaharibika. Kuna dawa za maumivu za kawaida kabisa ambazo nchi nyingine zimepiga marufuku, hasa zenye kodeini, angalieni hiyo pia. Anayechoma insulini aongee na daktari wake kuhusu ratiba, kwa sababu saa zikibadilika na dozi inabadilika. Kama mnaishi sehemu yenye malaria na yeye anatoka kusiko na malaria, apate dawa za kinga kabla. Chanjo ya homa ya manjano, zile nchi zinazoidai, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na tangu mwaka 2016 ile kadi inatumika maisha yote, kwa hiyo kama anayo ya zamani msimchomeshe tena bure.

Bima someni mpaka mwisho. Bima nyingi za safari hazilipi ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla, na mzazi wako ana sukari au presha ya miaka 20, sasa hiyo bima inamsaidia nini? Tafuteni inayokubali hali yake aliyonayo na inayolipia kuhamishwa hospitali kwa ndege, hasa nyie mnaokaa mbali na miji. Najua ni ghali. Ni afadhali asije mwaka huu aje mwakani ikiwa imelipwa.

Uwanja wa ndege, ombeni huduma ya kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, mashirika mengi yanataka taarifa angalau saa 48 kabla. Wazee wengine wanakataa wanasema mimi natembea vizuri, mwelezeni kwamba yule anayesukuma kiti ndo anayejua geti liko wapi, ndo anayempitisha uhamiaji, na mtu ambaye hajui lugha za huko hatapotea. Kwenye ndege anyanyuke atembee, anywe maji, safari ikizidi saa 4 damu inaweza kuganda kwenye miguu na kwa wazee hatari inakuwa kubwa zaidi. Na awe na karatasi, karatasi kabisa sio simu, imeandikwa anuani yenu na namba zenu kwa lugha ya nchi anayofikia. Simu inaisha chaji.

Akishafika mwacheni alale. Hili naomba mnisikilize vizuri. Kuna familia zinampokea mama Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi yuko mbele ya kanisa anasalimia. Mwili wa mtu aliyevuka majira mengi ya saa unahitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili ukae sawa, na kuelekea mashariki ni kugumu zaidi kuliko kuelekea magharibi. Mzee inamchukua muda zaidi. Atakuwa macho saa nane usiku, atasinzia mchana watu wakiongea naye, na atajilaumu. Watu wa kanisani watamwona Jumapili inayofuata, hawatapungukiwa kitu.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu ndo zito kuliko yote haya ya safari. Mama yako kwake ni mtu. Ana nyumba yake, ana funguo zake, anajulikana mtaa mzima, akisema neno watu wanasikia, kanisani ana kiti chake. Ile siku anashuka kwenye ndege anakuwa mtu asiyejua kusema nina kiu kwa jirani. Hawezi kutoka peke yake, hawezi kununua kitu, hawezi kupokea simu ya nyumbani, hata bomba la maji moto hajui linawashwaje. Anakaa anasubiri mrudi. Mwanamke aliyelea watoto na kuendesha familia nzima anageuka mtu wa kusubiri kuambiwa tunaenda wapi leo. Na hasemi. Atakwambia niko sawa mwanangu, mimi sina shida. Mnadhani anapumzika kumbe anajiona hana kazi duniani.

Mpeni funguo ya nyumba siku ya kwanza. Mfundisheni njia moja tu, kutoka mlangoni mpaka sehemu moja na kurudi, mtembee naye mara kadhaa mpaka aweze mwenyewe. Mfundisheni salamu na asante kwa lugha ya pale, na majina ya majirani wawili watatu. Alafu mpeni kazi ya kweli, sio ile ya kumfurahisha. Kama anashona, kuna nguo zinasubiri. Kama anapenda bustani, mpeni kipande chake kisiguswe. Jikoni, jamani, muachieni jikoni siku anazotaka, na kama mama wa nyumba ana utaratibu wake kwenye jiko lake waongee wao wawili mapema. Wapo wazazi wamekaa na wazee wa kanisa la kule, lugha hawaelewani kabisa, wakashika mikono wakaomba kila mtu kwa lugha yake, na wale wazee wakaja kusema baadaye kwamba siku ile ndo walijua mmisionari wao ana kwao, ana watu. Kwa watu wengi tunaowahudumia sisi ni watu tuliotokea hewani, hatuna baba hatuna mama, na mtu asiye na wazazi ni vigumu kumwamini. Mzazi akikaa pale sebuleni kwako wanakuona upya.

Wajukuu. Hapa wazazi wengi wanaumia kimyakimya. Bibi anakuja na maneno yake yote aliyoyatunza kwa miaka, hadithi, nyimbo, utani wa bibi na mjukuu, anakuta mtoto anajibu kwa lugha nyingine. Mtoto sio mkaidi, amekulia pale. Mwanamama mtafiti Ruth Hill Useem aliyewachunguza watoto wa namna hii kule India miaka ya 1950 ndo aliyeleta lile jina la watoto wa utamaduni wa tatu, sio wa kwa wazazi wao kabisa na sio wa pale wanapoishi kabisa, wana dunia yao katikati. Mwelezeni bibi hivyo kabla hajafika, asije akadhani mlifanya makusudi. Na watoto nao waandaliwe, miezi kadhaa kabla anzeni kuongea lugha ya bibi mezani, bibi atume sauti kwenye simu wazisikilize wakizoea sauti yake. Akifika msikae katikati yao kutafsiri kila neno. Mkitafsiri wao wanaongea na nyie. Mkiondoka watatafuta namna, mtoto atachora, atavuta mkono, atamwonyesha njia ya shule, na mtoto anapomwongoza bibi barabarani anakuwa ana kitu cha kumpa, heshima inakuja yenyewe.

Nyie wawili mke na mume, semeni wazi kabla. Aliyekuja ni mama wa nani? Basi mwenye mama ndo aongee na mama yake likitokea jambo, usimtume mwenzako. Mama mkwe anaweza kusamehe neno gumu kutoka kwa mwanae siku hiyohiyo, lilelile likitoka kwa mkwe linakaa miaka. Na yule ambaye wazazi wake hawawezi kuja, labda wameshatangulia, labda ni wagonjwa, mwangalieni kwa upole mwezi ule, maana anaona mwenzake amekumbatiwa na mama na yeye hana.

Nirudi kwenye maandiko kidogo. Kuna watu wanasema kazi ya Bwana kwanza, mzazi ataelewa. Someni Marko 7. Yesu aliwakemea watu wa dini waliokuwa wanamwambia baba au mama, kile ambacho ningekusaidia nacho ni korbani, yaani kimeshatolewa kwa Mungu. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Sasa sisi ambao maisha yetu yote tumeyaita korbani tuwe makini sana hapo. Ombeni siku za likizo rasmi, mwambieni kiongozi wa timu mapema, msiibe masaa na msijifanye mko kazini wakati hampo. Na fedha iwe safi, mchango wa huduma usikate tiketi ya mama kama waliochanga hawajui. Kama mnahitaji msaada semeni wazi kwamba tunataka kumleta mzazi, mtashangaa ni watu wangapi watachangia kwa furaha, maana na wao ni wazazi.

Wengine wazazi wenu hawakukubali hata siku moja mwende. Wengine hawaamini. Huyo akikubali kuja amepiga hatua kubwa sana, msiitumie safari yake kumshinda hoja. Nilimfahamu mzee mmoja, baba wa mwenzetu, alikuja akiwa na hasira ya miaka, anasema mmenichukulia mtoto. Yule mwenzetu hakujitetea. Alimpeleka baba yake kila alipokwenda, mzee akawa anakaa nyuma kwenye kiti anaangalia tu. Siku ya kuondoka alisema sijakubaliana na wewe ila sasa nikifikiria uko wapi nitakuwa naona watu. Kwa yule mzee hilo lilikuwa neno kubwa, na mwanae alilipokea hivyohivyo bila kudai zaidi.

Kuna mazungumzo ambayo kwenye simu hayafanyiki, na mzazi akiwa hapo mbele yenu yafanyeni, msiyasukume mpaka usiku wa mwisho mabegi yakiwa mlangoni. Mama, ukishindwa kuishi peke yako unataka ukae na nani? Je ndugu zangu waliobaki nyumbani wanaobeba kila kitu, wana kinyongo na mimi? Ukiumwa sana unataka nije mara moja au unataka uniambie mwenyewe lini? Na hili gumu zaidi, likitokea la kutokea ukiwa hapa kwetu, unataka kurudishwa? Kusafirisha mwili kunagharimu na kuna makaratasi mengi, bima nyingine inalipia nyingine hailipii. Wazee wetu hawaogopi kuzungumza kifo kama tunavyoogopa sisi, mara nyingi wameshafikiri na wanasubiri mtu awaulize. Yesu akiwa msalabani, anaikamilisha kazi kubwa kuliko zote, alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi na yule mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake tangu saa ile. Aliweka utaratibu wa mama. Kila mmoja wenu hapa ajiulize mama yangu nimemkabidhi kwa nani kwa jina, na je huyo mtu anajua amekabidhiwa?

Na ombeni baraka. Yakobo alipoletwa Misri na Yusufu, mzee wa miaka 130, akaingizwa mbele ya Farao, na biblia inasema Yakobo akambariki Farao. Mzee mkimbizi wa njaa anambariki mfalme. Kabla mzazi hajaondoka iteni timu, iteni majirani wanaotaka kuja, waombeni wazazi wenu waweke mikono juu ya watu hao na juu ya nyumba. Wengi watasema mimi sijui kuomba mbele za watu, waambieni aombe kama anavyowaombea watoto wake kila siku.

Siku ya kuondoka Musa alimpa mkwewe ruhusa akaenda zake nchi yake mwenyewe. Mwacheni aende. Msimpe ahadi ya tarehe ambayo hamna uhakika nayo kwa sababu atahesabu kila siku. Watoto walie, msiwanyamazishe, na wiki ile msipange mikutano mizito jioni.

Mimi nimemaliza. Najua humu ndani kuna familia tatu ambazo zinategemea wazazi miezi hii inayokuja, naomba tukutane pale upande wa kushoto baada ya ibada, mje na pasipoti za wazazi au picha zake tuangalie tarehe pamoja, na mwenye swali la bima au dawa aulize hapohapo. Asanteni sana, Mungu awabariki.